Umepigiwa Simu Ukapige Idi Lindi? Soma Kwanza

Simu itaingia ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani, na itaingia alasiri. Promota mzoefu hampigii mwanamuziki asubuhi, maana asubuhi mtu bado ana akili zake zote. Anasubiri saa kumi. Aliyefunga, funga imeshamkaza. Asiyefunga, ukata umemkaza zaidi. Saa hiyo kiasi chochote kinachotajwa kinasikika kikubwa.

Tuelewane kwanza umefikaje hapo. Mwishoni mwa Shaabani ulipiga vunja jungu, usiku wa kuagana na starehe, ukumbi ulifurika na ukalala na fedha mfukoni. Baada ya hapo bendi nyingi za dansi na taarabu mjini zikafunika vyombo mwezi mzima, kama ilivyo desturi. Bila onyesho hakuna posho. Ulidhani fedha za vunja jungu zitafika Idi, nazo zikaishia mwezi kumi na moja. Sasa watoto wameanza kuuliza nguo za sikukuu, na mama yao haulizi kitu, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Jembe langu, upo?"

"Nipo, kaka."

"Funga gitaa. Idi Mosi Lindi, Idi Pili Mtwara, Idi Tatu Masasi, tunageuza. Kazi ndogo tu, na mzigo upo."

Usiseme ndiyo. Usiseme hapana pia, kwa sababu nguo za watoto ni jambo la kweli. Sema, "Ngoja nimalize kuswali nikupigie," hata kama swala umeshaswali, au hata kama wewe ni Mkristo. Hakuna promota anayethubutu kugombana na swala mwezi wa Ramadhani, na umejipatia nusu saa ya kusoma yafuatayo.

Anza na hesabu ambayo yeye hakuitaja. Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi ni karibu kilomita 450. Lindi hadi Mtwara ni mia moja na ushee, Mtwara hadi Masasi karibu 200, na kutoka Masasi kurudi mjini inakaribia 600. Jumla ni zaidi ya kilomita 1,300 ndani ya siku nne au tano, na katikati yake kuna mikesha mitatu ya kusimama jukwaani. Barabara ya Kilwa siku hizi ni ya lami, na tangu 2003 lipo Daraja la Mkapa pale Rufiji, kwa hiyo mambo ya kulala mtoni mkisubiri kivuko wamebaki wazee kuyasimulia. Lakini msijisahau. Mei 2024 mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo maeneo ya Somanga, na abiria wakabaki wamekwama pande zote mbili. Idi haina msimu wake. Inazunguka mwaka mzima, na mwaka mwingine inaangukia masika.

Gari litakuwa Coaster. Promota atasema ni ya bendi. Ni ya shemeji yake. Mwimbaji mwenye jina atakaa mbele na mto wa shingo. Wanenguaji watakaa katikati, nao ndio pekee watakaofurahia safari. Spika zitafungwa juu kwa turubai, tumba zitajaa kwenye njia ya kupitia, na mpiga kinanda atakipakata kinanda chake mpaka Nangurukuru, kwa sababu hakiamini turubai la mtu. Anafanya jambo la akili. Mpiga drams, kama ni wewe, zingatia kwamba utakuwa wa kwanza kufika kupakia na wa mwisho kumaliza kushusha, na kwa kazi hiyo ya ziada hakuna anayekulipa wala kukushukuru.

Kuhusu dereva, uliza swali moja tu: atalala saa ngapi? Katika ziara za namna hii dereva ndiye pia fundi mitambo, au ndiye mkata tiketi, au vyote viwili. Mnamaliza kupiga saa tisa usiku, mnapakia hadi alfajiri, kisha mtu yule yule aliyekuwa anazungusha vitufe vya mitambo usiku kucha anashika usukani. Hapa sitanii. Mbaraka Mwinshehe, ambaye Morogoro haijatoa mpiga gitaa wa kumfikia, alifia Mombasa kwa ajali ya gari Januari 1979, akiwa na miaka 34. Ukijibiwa kwamba dereva "amezoea", umejibiwa kwamba halali.

Sasa tuje kwenye mwezi wenyewe, nao ndio mtego ambao vijana wengi hawauoni hata baada ya kunasa.

Bango limeandikwa "Idi Mosi, Lindi". Limechapishwa wiki mbili kabla, na kuna picha za waimbaji wanne, wawili kati yao hawajui kwamba wanakwenda Lindi. Idi Mosi ni lini? Inategemea mwezi kuandama. Ramadhani ina siku 29 au 30, na tangazo la Mufti linatoka usiku, watu wakiwa wameshafuturu na wanasubiri redioni. Ili muwe Lindi asubuhi ya sikukuu, lazima msafiri mchana wa mwezi 29, kabla mtu yeyote hajajua lolote. Mkifika jioni, mwezi ukaandama, sawa, kazi ipo. Usipoandama je? Kesho yake ni mwezi 30, mji mzima umefunga, ukumbi umefungwa, na ninyi mpo gesti na tumba zenu. Mjini Lindi mchana wa Ramadhani kupata sahani ya wali ni shughuli. Gesti ya siku hiyo ya pili nani analipa? Chakula? Na ukumbi uliokodiwa kwa tarehe ya jana, mwenye ukumbi atakubali kusogeza, au kesho ameshawapa watu wa harusi?

Muulize promota wako swali hili kwa upole: "Kaka, mwezi usipoandama tunakula nini?" Kisha nyamaza, sikiliza. Akisema "Inshallah utaandama," huyo hana bajeti ya siku ya pili, na amemwachia Mwenyezi Mungu mahesabu ya gesti. Akisema ameshalipia siku mbili, muulize gesti gani, upige simu mapokezi. Mapromota waaminifu wapo. Ninamjua mmoja, na ameshaiacha kazi hiyo. Siku hizi anauza vipuri vya pikipiki.

Wazee watakuambia zamani haikuwa hivi, na kwa jambo hili wazee wana hoja. NUTA Jazz ilipoanzishwa 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki walikuwa waajiriwa. Mlimani Park, iliyoanza 1978, baadaye ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji lililokuwa na baa zake na kumbi zake. Mshahara ulikuwepo, mwezi uandame usiandame. Ukumbi ukikosa watu, hasara ilikuwa ya shirika. Sisemi wanamuziki wale walitajirika. Wengi wao wamezeeka na kufa maskini, na nyimbo zao bado zinapigwa redioni kila Jumapili. Ninachosema ni kwamba kulikuwa na mtu mwingine wa kuibeba hasara.

Hata bendi za watu binafsi, mwenye vyombo alikuwa anajulikana na alikuwa na cha kupoteza. Bendi aliyoijengea jina Remmy Ongala iliitwa Matimila kwa jina la mfanyabiashara aliyemiliki vyombo vyake. Magitaa yalikuwa yake, kwa hiyo na jina likawa lake. Mpaka Super Matimila inakwenda kupiga kwenye tamasha la WOMAD Ulaya mwishoni mwa miaka ya themanini, jina hilo lilikuwa bado linaning'inia. Siku hizi umeendelea. Una gitaa lako mwenyewe, kanyagio lako, waya zako, wakati mwingine hata amplifaya yako. Ukaona umejikomboa. Kumbe promota naye amekombolewa: hana tena haja ya kununua chombo hata kimoja. Anakodi mitambo, anaokota wanamuziki kwa simu, anaweka jina la mwimbaji mmoja juu ya bango, na hilo kundi la watu waliofahamiana jana linaitwa bendi.

Katika kundi hilo wewe ni deiwaka, kibarua wa siku. Usione haya, ni kazi halali, na siku hizi nusu ya jiji linapiga hivyo. Ila deiwaka ana sheria zake. Ya kwanza ni kwamba mazoezi hayapo. "Tutafanya garini," utaambiwa, na garini mtafanya, kwa kusikiliza nyimbo kwenye simu ya mtu mpaka chaji iishe Ikwiriri. Watu wa mikoani wanataka zilipendwa, nao wanazijua kuliko wewe. Ukimpigia mzee wa Masasi kipande cha solo tofauti na alivyokizoea tangu 1979, hatakuzomea. Atakuja chini ya jukwaa, asimame, akutazame. Ni afadhali kuzomewa.

Kumbuka pia wimbo wa dansi una sehemu mbili. Ile ya kwanza ya taratibu, yenye hadithi, ndiyo uliyojifunza kwenye simu. Halafu linakuja chemko, magitaa yanasukumana, wanenguaji wanaingia, na chemko halina mwisho ulioandikwa. Linaisha kiongozi akitaka. Usiku wa kawaida wimbo unaweza kwenda dakika kumi. Usiku wa Idi, mwimbaji akiwa anatunzwa, wimbo huo huo unaweza kwenda nusu saa na zaidi, wewe ukirudia sauti nne zile zile za rhythm mpaka vidole vinapoteza hisia. Kila noti inayobandikwa kwenye paji la uso wa mwimbaji ni dakika nyingine mbili kwako.

Na noti hizo ni za nani? Uliza kabla ya kupanda gari. Kuna bendi ambazo tuzo zinakwenda kwenye beseni moja na kugawanywa; heshimu bendi hizo. Nyingi, kilichobandikwa kwa mwimbaji ni cha mwimbaji. Shabiki hapandi jukwaani kumtunza mpiga besi. Mpiga besi anaweza kuwa ndiye aliyewainua watu wote vitini, lakini amesimama nyuma, gizani, karibu na spika, na paji lake la uso halionekani.

Sasa disko toto. Promota hakulitaja kwenye simu, naye hatalitaja mpaka mko ukumbini. Idi mchana kumbi nyingi zina onyesho la watoto, na mwenye ukumbi anataka lianze saa nane. Utaambiwa ni la DJ, ninyi mtapasha tu vyombo. Kisha DJ atachelewa, watoto mia tatu wenye nguo mpya na miwani ya plastiki watakuwa wanagonga jukwaa kwa viganja, na mtapanda. Mtapiga hadi saa kumi na mbili jioni. Saa tatu usiku mnaanza upya na wakubwa. Mwimbaji mwenye jina ataonekana saa sita. Kati ya saa tatu na saa sita ukumbi ni wako wewe na waimbaji chipukizi, na watu waliolipa kiingilio watauliza kila baada ya wimbo yule wa kwenye bango yuko wapi.

Ikiwa umeme utakatika, na bora ujiandae hivyo, uliza jenereta ni la nani na dizeli imejazwa na nani. Jenereta la kukodi lisilo na dizeli ni mapambo. Uliza vilevile kibali kimechukuliwa ofisi ya utamaduni ya wilaya na polisi wanajua mwisho wa onyesho ni saa ngapi. Nimewahi kuona onyesho zuri linazimwa katikati ya chemko kwa sababu kibali kilikuwa cha mwisho saa sita, na promota alijua hivyo tangu asubuhi. Watu walidai fedha zao. Waliokuwa jukwaani, mbele ya macho ya watu, si promota.

Mlangoni kuna fasihi nzima, nami sitaimaliza. Mkata tiketi ni ndugu wa promota. Mgeni rasmi anaingia bure na watu kumi na wawili. Askari wanaingia bure, vijana wa gari la matangazo wanaingia bure, na kila mwenye muhuri mkononi ana rafiki nje anayesugua mkono wake kwenye ule muhuri kabla wino haujakauka. Saa kumi alfajiri fedha zinahesabiwa juu ya boneti ya Coaster. Inatoka ya ukumbi, ya mitambo, ya dizeli, ya kibali, ya mabango, ya gari la matangazo, ya mwimbaji mwenye jina. Kinachobaki ndicho cha "vijana". Kijana hapa ni yeyote asiye mwimbaji mwenye jina, hata akiwa na wajukuu. Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya kiasi maalumu na asilimia ya mlangoni, chukua kiasi maalumu, hata kikiwa kidogo. Asilimia ya mlangoni ni kwa mtu anayekaa mlangoni.

Baada ya yote haya utadhani ninakuambia ukatae. La. Kuna sababu za kweli za kukubali, na wanaozicheka hawajawahi kushika chombo.

Ikiwa kwenye Coaster hiyo yumo mpiga solo mzee aliyepitia bendi zile kubwa, nenda. Kaa upande wake, mbebee gitaa, usimsemeshe sana. Atakachokifanya kwenye chemko la tatu usiku wa Mtwara, akiwa amechoka na hana wa kumvutia, hakifundishwi popote, na waliobaki wa kukifanya wanapungua. Huwezi kukipata kwa kutazama video. Namna anavyoliachia gitaa la pili nafasi, namna anavyongoja, hivyo vinaonekana ukiwa umesimama hatua mbili kutoka kwake ukiwa na waya wako ndani. Kwa kijana wa miaka ishirini na mbili, hilo linazidi posho. Kwa mtu wa miaka arobaini mwenye kodi ya nyumba, halizidi, naye asijidanganye.

Nenda pia ikiwa ni mwaka wa korosho nzuri na Idi imeangukia kwenye msimu. Ukumbi wa Masasi au Newala wakulima wakiwa wameshalipwa ni kitu kingine kabisa. Watu wanacheza kwa ukali, wanatunza hadi mpiga tumba, na wanajua dansi. Lakini fuatilia kama wameshalipwa kweli. Korosho iliyouzwa mnadani na malipo hayajafika inawaleta watu nje ya ukumbi, ndani hawaingii.

Usiende kabisa kama una kibarua cha kudumu, baa unayopiga kila Ijumaa na Jumapili. Mwenye baa atasema hakuna neno, sikukuu njema. Siku ya pili atamwita deiwaka ashike nafasi yako, huyo deiwaka atakuwa mdogo kwako, ana njaa kuliko wewe, na atawahi kufika. Ukirudi kutoka Masasi na vidole vimevimba utamkuta amesimama mahali pako, na hatakuwa amekukosea.

Nyumbani, waambie mapema. Usimwambie mama watoto usiku wa kuamkia safari. Idi bila baba inavumilika ikiwa nguo zimeshanunuliwa, na nguo zinanunuliwa kwa fedha ya mwanzo, siyo ya ahadi. Hapo ndipo simu yako ya kumrudia promota inapoanzia. Mpigie sasa, muda wa swala umekwisha. Mwambie unataka nusu ya posho leo, iingie kwenye simu, na nusu kabla ya kupanda jukwaani Idi Mosi. Atasema, "Mwanangu, huniamini?" Mjibu kwamba unamwamini sana, na namba yako ni ile ile.

Nusu hiyo akiitoa, au hata theluthi, bado limebaki jambo moja, nalo ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote niliyoyaandika. Nauli yako ya kurudi Dar es Salaam kutoka Masasi lazima iwe mikononi mwako kabla ya safari kuanza, kando na posho. Masasi mlango ukikosa watu, Coaster ya shemeji inageuka ya abiria alfajiri ile ile, na viti vyenu vimeshauzwa. Wapo wapiga gitaa wazuri wanaoishi Mtwara hadi leo kwa sababu hiyo tu. Ukiambiwa nauli ya kurudi itapatikana mlangoni, shuka Mbagala Rangi Tatu na gitaa lako. Daladala za kurudi mjini zipo mpaka usiku.